Simulizi yangu imefika sehemu ya 286 na sijui niimalizeje

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, naishi Igombe hapa Mwanza na mama yangu. Tangu 2018 naandika simulizi ya kusisimua kuhusu Kabula, binti wa mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja wa giza karabai ya baba yake inazama ziwani bila kuzimika, baba anaifuata na harudi. Kabula anashuka chini ya ziwa kumtafuta. Anapita visiwa saba vilivyozama akielekea kwa Mtemi wa Kina, ambaye anakusanya taa za wavuvi. Bibi yake alimpa bangili ya shaba: kila akiitumia inamwokoa, lakini inamla kumbukumbu moja. Nina magrupu mawili ya WhatsApp, na wasomaji wananilipa shilingi 1,000 kwa wiki. Nimejaribu kuimaliza mara tatu. Mara ya kwanza nilimuua Kabula, nikafuta kabla sijatuma. Mara ya pili nikaandika kwamba yote ilikuwa ndoto, hiyo nayo nikaifuta. Mara ya tatu Mtemi akafa, nikamleta adui mkubwa zaidi nyuma yake. Hiyo niliituma. Wengine walifurahi, wengine wakasema nawanyonya. Nimeorodhesha visa 41 ambavyo sijavifunga. Kuna wanaosema Kabula akifa wanahama, na wengine hawataki simulizi iishe kabisa. Miezi mitatu sasa silali vizuri. Pia kuna mtu anataka kununua simulizi yote aifanye mchezo wa redio, ameniletea karatasi nisaini. Nilianza kuandika baada ya arobaini ya baba yangu, na nahisi nikimaliza sitakuwa na cha kuandika tena. Nifanyeje mwisho uwe mtamu na uwaridhishe watu? Nimeambatisha sehemu kumi za kwanza, kumi za mwisho, na ile orodha."

Marahaba, binti yangu. Sehemu zako ishirini nimezisoma jioni mbili, mara ya kwanza kama msomaji yeyote, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kuna wasiwasi hukuuandika waziwazi, ila umejaa kwenye barua yako nzima, nianze kwa kukuondolea huo. Simulizi yako si mbovu. Pale sehemu ya 3, karabai inawaka chini ya maji, Kabula ameinama ukingoni mwa mtumbwi, na kivuli chake kimepigwa juu kwenye tanga badala ya kuangukia majini. Hapo nilirudia mara tatu. Anayekumbuka kwamba taa ikiwa chini kivuli hupanda juu, huyo ana macho ya kutosha kuimaliza hadithi yake.

Umeuliza swali moja, lakini ndani yake yamo matatu: simulizi ifungweje, utaishije fedha ya kila wiki ikikatika, na utaachanaje na Kabula. La kwanza ndiyo kazi yangu ya miaka mingi, kuhariri riwaya na simulizi za mfululizo. La pili nitakueleza ninayoyajua. La tatu nitaligusa tu, kisha nitakwambia wapi pa kwenda.

Tuanze na ule mwisho uliowatumia watu. Sehemu ya 284 Mtemi wa Kina anakufa, na kabla maji hayajatulia unaliinua nyuma yake Joka la Mawe. Najua ulichokuwa unafikiri, maana wengi niliowahariri wamefikiri hivyohivyo: kwamba mwisho lazima uwe pigano kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Lakini wasomaji hawakumfuata Mtemi miaka saba kwa ajili ya ukubwa wake. Walimfuata kwa sababu taa ya baba iko kwake. Sasa hilo Joka la Mawe lina nini cha Kabula? Halijamnyang'anya kitu. Hakuna anayelidai. Waliokwambia unawanyonya walitumia neno kali, ila walichokihisi kilikuwa cha kweli: wamemlipa mdai mmoja, na papo hapo ukawaletea mwingine wasiyemjua.

Arthur Conan Doyle, aliyemuumba mpelelezi Sherlock Holmes, alifanya jambo la namna hii mwaka 1893. Alikuwa amemchoka Holmes, akaamua kumuua. Akamleta Profesa Moriarty, adui ambaye hakuwahi kuonekana kwenye hadithi zilizotangulia, ndani ya hadithi ileile ya kifo, na wote wawili wakaonekana wametumbukia kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji walikasirika sana. Mwaka 1901 akaanza kuchapisha kisa kinachotokea kabla ya kifo hicho, na mwaka 1903 akamrudisha Holmes mzima, akieleza kwamba kumbe hakuanguka. Watu husema fundisho hapo ni kwamba shujaa hauawi. Mimi sioni hivyo. Adui aliyeletwa leo ili afanye kazi ya leo anauonyesha mkono wa mwandishi, na msomaji akishauona mkono huo, kifo chenyewe hakiamini.

Ule wa ndoto umeshauhukumu mwenyewe kwa kuufuta, kwa hiyo sitakaa hapo. Kabula amelipa kumbukumbu zake moja baada ya nyingine. Ukisema ilikuwa ndoto umemrudishia zote bure, na kila msomaji aliyelia naye umemwambia alilia bure.

Kuna dhana nyingine nimeiona kwenye sehemu zako za mwisho, na hii inakusumbua bila wewe kujua. Unahangaika kuwashtua watu. Kila mara msomaji akikisia kwenye grupu kitakachotokea, sehemu inayofuata unageuza njia ili akosee. Hapo katikati ya simulizi ni mchezo mzuri, unaleta arosto na watu wanarudi. Kwenye mwisho ni sumu. Kumbuka kisa cha Fumo Liongo wa pwani, ambacho Edward Steere alikichapisha tangu 1870. Liongo hakuna silaha inayompata, isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Siri hiyo msikilizaji anaijua mapema. Anamwona mtoto wa Liongo akimbembeleza baba yake mpaka aitaje, anamwona akipewa sindano, anajua kabisa kinachokuja. Hakuna cha kushtua hata kimoja, na bado mtu anasikiliza ameshika pumzi. Kisha Liongo anachomwa. Anaamka na uchungu wake, anatwaa upinde na mishale, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anaupinda upinde na kufia palepale. Wanaokuja kuteka maji wanamwona, wanadhani yu hai, wanakimbia. Mji mzima unakaa na kiu kwa kuogopa maiti.

Kile kisima hakuna aliyekikisia. Lakini ukishakisikia, huwezi tena kumpa Liongo kifo kingine. Mwisho unaoridhisha uko hivyo: msomaji hakuuona ukija, na ukishafika anajiuliza alikuwa akitazama wapi siku zote.

Sasa twende kwenye visa 41, maana naona ndivyo vinavyokunyima usingizi. Unadhani vyote lazima vifungwe. Wewe umefiwa, kwa hiyo jambo hili unalijua kuliko mimi kukueleza. Siku ya kuanua matanga, wazee wakisimama hawasimulii maisha yote ya marehemu. Wanauliza nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye. Aliyemkopesha nyavu anajitokeza. Aliyebaki na mashine yake ya mtumbwi anajitokeza, au anasemewa na jirani. Safari alizosafiri, mizaha aliyoipenda, maneno aliyoyakatiza katikati, hayo yanaachwa yaende naye, na hakuna anayetoka pale akiona kikao hakikukamilika.

Hadithi ndefu inakwenda vivyo hivyo. Kila sehemu uliyoandika ulikopa kitu kwa msomaji: umakini wake, huruma yake, hofu yake. Mengine aliyatoa kama zawadi, hakutaka kurudishiwa. Mengine alikukopesha kwa sababu mtu ndani ya simulizi aliahidi, au alilipa, au aliachwa akisubiri. Haya matatu ndiyo madeni. Chukua orodha yako uipitie kwa kipimo hicho. Kwa nini mamba wa kisiwa cha nne wana macho ya buluu? Hakuna anayekudai jibu. Yale macho ni ajabu, na ajabu ikielezwa inakufa. Bei ya chumvi kwenye kisiwa cha tano nayo iache. Lakini yule fundi mitumbwi kipofu wa kisiwa cha kwanza, aliyempa Kabula kasia lake la pekee sehemu ya 7, Kabula akamwapia, "Nitalirudisha kwa mkono wangu"? Huyo atasimama kikaoni, na usipomsikiliza hakuna ushindi utakaomfunika. Mimi nilipoipitia orodha nilibaki na visa tisa. Wewe unaweza kubaki na kumi na moja au saba. Vyovyote utakavyohesabu, si 41.

Na hao tisa usiwalipe mmoja mmoja, sehemu moja kwa kila mdai, itakuwa kama kusoma daftari la duka. Umekulia mwaloni, umewaona wavuvi wa dagaa. Taa wanaziacha zielee mbalimbali mpaka dagaa wakusanyike, halafu wanazisogeza polepole, hii kwenye ile, mpaka mwanga unakuwa mmoja, ndipo wavu unafanya kazi yake. Anayevuta kwa pupa anawatawanya. Katika sehemu kumi zako za mwisho taa bado ziko mbalimbali: pacha wawili wanagombana kisiwa cha sita, kasia limeegemezwa ukutani kwa Mtemi, wimbo wa baba haujaimbwa beti lake la mwisho. Jiulize ni tukio gani moja ambalo kasia, pacha na wimbo vinaweza kuwapo kwa pamoja. Nadhani ni safari ya kurudi. Mtumbwi mmoja, kasia moja, pacha wanaolazimika kupokezana kulipiga, na baba kwenye tezi akiwa na wimbo wake nusu. Visa vitatu vinamalizika hapo bila wewe kutangaza kwamba unavimaliza.

Nina hakika hadithi ya Masala Kulangwa uliisikia kwa bibi yako, maana huku kwetu Usukumani ni nani aliyekua bila kuisikia? Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yao. Mama mmoja mjamzito amepona kwa kujificha kwenye makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, mtoto anakua, na siku moja anauliza: "Mama, watu wengine wako wapi?" Akishaambiwa anatoka kulitafuta zimwi. Anarudi na panzi: mama, ndilo hili? Silo. Siku nyingine anarudi na ndege. Silo. Mpaka siku anapolikuta lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wote wanatoka, baba yake akiwa miongoni mwao.

Kijana wa leo angeweka "MWISHO" hapo, kwa herufi kubwa. Wazee wetu hawakuweka. Walisema kwamba wakati Masala Kulangwa anapasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa mle tumboni. Bibi akakasirika, akataka kumroga. Fikiria: kijana amewakomboa watu wote, na bado anadaiwa sikio. Ikabidi dawa itafutwe, bibi atibiwe apone. Ni baada ya hapo ndipo watu wanamtawaza kuwa mtemi, na mama yake anapewa heshima ya mama wa mtemi.

Nimekaa na lile sikio miaka mingi katika kazi hii, na kila mwandishi akiniletea mwisho usiokaa vizuri, kwanza namtafuta bibi kizee. Ushindi ambao haukumgharimu mtu yeyote hatuuamini, kwa sababu hatujawahi kuuona. Na jeraha la kwenye mwisho lina nguvu zaidi likiwa limetoka kwenye mkono wa shujaa mwenyewe, kwenye kisu kilekile kilichookoa. Kuua zimwi kunaonyesha kwamba kijana ana nguvu. Kumtibu bibi ndiko kunakowaonyesha watu kwamba anafaa kukaa nao. Ndiyo maana utawala unakuja baada ya dawa, hauji baada ya kisu.

Wenzetu wa mbali wamefika palepale kwa njia yao. Buku la tatu la The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien kuhusu safari ya kwenda kuiteketeza pete ya adui, lilitoka 1955. Pete inateketea, adui anaanguka, na baada ya hapo zimebaki sura sita nzima. Wasafiri wanarudi kijijini kwao wanakuta kimeharibiwa, inabidi wakitengeneze, na yule aliyeibeba pete jeraha lake halimwachi, mpaka mwisho anaondoka kwao kwa meli. Ukiwa na haraka utasema sura hizo zimezidi. Mimi nasema bila hizo yale mabuku matatu yangekuwa habari ya vita tu. Kwa hiyo kifo cha Mtemi kiweke pale kilipo, sehemu ya 284, lifute Joka la Mawe, na ujue kwamba baada ya Mtemi bado una sehemu kumi hadi kumi na mbili za kuandika. Waombe radhi wasomaji kwa sentensi moja ya wazi kwamba sehemu mbili umezitoa na kuziandika upya. Watakusamehe haraka kuliko unavyodhani.

Kabula afe au asife? Kumuua kunawezekana, na vitisho vya kuhama visiwe ndivyo vinavyokuamulia. Akibaki chini ya ziwa kama mlinzi mpya wa taa, kwenye kiti cha Mtemi, utapata machozi mengi, ila jiulize kwa uaminifu kama unamweka pale kwa sababu simulizi inadai hivyo au kwa sababu unataka mlango ubaki wazi wa msimu mwingine. Kuacha mwisho wazi kabisa nako si kosa, mradi kinachoachwa wazi ni kesho yao. Deni la jana haliachwi wazi. Mimi naegemea upande wa kurudi, na sababu si huruma. Ni sehemu yako ya 1. Mtumbwi haujatoka hata ufukweni, na Kabula anamwuliza baba yake: "Taa ikizama, tutarudi kwa mwanga wa nani?" Baba anacheka, hajibu. Lile ndilo swali lako la Masala Kulangwa. Umelibeba miaka saba, na jibu lake haliko kilindini, liko njiani kurudi nyumbani. Kabula akifia chini, swali linakufa pamoja naye.

Jambo la kufanya kabla ya yote ni kuandika tukio la mwisho kabisa sasa hivi, hata kama kabla yake kuna sehemu kumi hazipo. Robert Jordan, Mmarekani, alianza kuchapisha mfululizo wake wa The Wheel of Time mwaka 1990. Alifariki 2007 kabla hajaumaliza. Lakini tukio la mwisho alikuwa ameshaliandika, akaacha na maelezo, na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, alifanya kazi miaka kadhaa akielekea kwenye ukurasa ambao tayari ulikuwapo. Buku la mwisho, la 14, likatoka Januari 2013. Wewe Mungu akupe miaka mingi, umalize kwa mkono wako mwenyewe. Ninachotaka ukione ni hiki: ukurasa wa mwisho ukishakuwapo, sehemu za kabla yake zinajua zinakwenda wapi.

Kuhusu fedha sitakudanganya. Ukimaliza, mapato ya wiki yatashuka. Usijaribu kuyalinda kwa kurefusha, maana wasomaji wa mfululizo wananusa maji yaliyoongezwa kwenye mchuzi kabla hawajaonja. Tangaza kwamba zimebaki sehemu kumi na mbili, na ziwe kumi na mbili kweli. Kuna watu wengi wasioanza simulizi mpaka wasikie imekwisha. Hao hujawahi kuwauzia, na simulizi nzima unaweza kuikusanya ukawauzia kwa misimu. Kazi iliyokamilika inaweza kusubiri. Pale Ukerewe, ng'ambo tu ya maji, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikuchapwa mpaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri yeye mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Ilisubiri miaka 35, lakini ilisubiri ikiwa nzima, na leo tunaisoma.

Ile karatasi ya mchezo wa redio usiisaini nyumbani, na usiisaini kwa sababu mtu ana haraka. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika. Unachopaswa kujua ni kama karatasi inanunua simulizi moja kwa moja, Kabula na jina lake na misimu ijayo, au inakodisha tu haki ya kuitangaza redioni kwa muda fulani. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mpelekee wakili aisome ukiwa umekaa mbele yake, na wasiliana na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, uandikishe kazi yako ili uwe na ushahidi mkononi. Hili siwezi kukusaidia kwa maandishi, maana karatasi yenyewe sijaiona.

Kukosa usingizi miezi mitatu nako si jambo la mhariri. Nenda kituo cha afya wiki hii, eleza kama ulivyonieleza mimi, na utaje pia msiba. Hospitali kubwa kama Bugando zina wataalamu wa afya ya akili, na kuwaona si aibu wala si dalili kwamba umeshindwa. Umeandika kwa mstari mmoja tu kwamba ulianza simulizi baada ya arobaini ya baba. Miaka saba umekuwa ukimpeleka binti chini ya maji kumfuata baba yake. Sishangai mkono unakataa kuandika neno la mwisho. Mzigo huo unastahili mtu wa kukaa naye ana kwa ana, awe daktari, awe kiongozi wako wa dini, awe shangazi unayemwamini. Na kwa hofu ya kutokuwa na cha kuandika, nimewaona waandishi wengi wakimaliza kazi ndefu. Wanakaa kimya muda, wengine hata mwaka. Kisha wanaandika tena.

Nimeliacha jambo moja la simulizi yenyewe mpaka hapa, kwa sababu nilitaka kwanza uwe na kipimo cha madeni mkononi. Fungua tena sehemu yako ya 9. Kabula anaposhuka majini, mama yake anabaki ufukweni ameshika chemli. Umeandika: "Alisema hataketi mpaka warudi." Basi hakuketi. Tangu sehemu ya 9 mama huyo amesimama. Nimeisoma orodha yako ya visa 41 kutoka juu mpaka chini, mara mbili. Mamba wamo, chumvi imo, wimbo umo. Mama hayumo.

Kisha soma sehemu ya 279. Kabula amebanwa kwenye lango la Mtemi, bangili inadai kumbukumbu, na yeye anatoa sura ya mama yake. Umeliandika tukio hilo kwa mstari mmoja, ukakimbilia kwenye mapigano. Wasomaji wako hawakukimbia nawe. Nina uhakika kuna aliyeuliza kwenye grupu.

Kwa hiyo mtumbwi utafika. Pacha watashuka, baba atashuka. Kabula atainua macho na kuona mwanga uliowaongoza usiku kucha, chemli, na nyuma ya chemli amesimama mwanamke asiyemjua. Jibu la sehemu ya 1 lilikuwa mkononi mwa mama siku zote, na sikio lililokatwa ni la mama pia. Kisu ni Kabula aliyekishika.

Mama atafanya nini hapo, mimi sijui, na hata ningejua nisingekwambia. Liandike tukio hilo leo, kabla ya mengine yote. Anzia miguuni mwake: amesimama muda gani, mchanga umempanda mpaka wapi, mafuta ya chemli amekuwa akiyapata kwa nani. Ukimaliza usilitume kwenye grupu usiku huo. Subiri asubuhi, mama yako akishamaliza shughuli zake za alfajiri, ukae naye umsomee kwa sauti.